Monica Wilson na madaftari ya sheria za Wanyakyusa

Kila mwaka mpunga unapoanza kuvunwa huku Kyela, simu za studio yetu hubadilika. Salamu hupungua, maswali ya mashamba huongezeka. Mume amefariki, shemeji amekuja na kamba ya kupimia. Mama anasema shamba amelilima yeye miaka yote, na mgongo wake ndio shahidi. Shemeji hana maneno mengi. Anasema mila ya Wanyakyusa ndivyo ilivyo, kisha anakaa kimya.

Sisi watangazaji tumezoea kumtafuta mwanasheria aje kujibu. Safari hii tulijiuliza swali jingine. Hiyo mila ambayo kila mtu anaitaja, nani aliichunguza na kuiandika, na aliandika nini? Jibu linatupeleka kwa mwanamke mmoja mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye jina lake linajulikana kwenye vyuo vikuu vya nchi nyingi kwa sababu ya watu wa Rungwe na Kyela. Ni Monica Wilson. Yupo pia mume wake, Godfrey, ambaye hakuishi kuona kazi yake ikikamilika.

Kabla hatujaanza maisha yake, tuelewane jambo moja. Mtu akiiba au akiua, serikali ndiyo inayomshtaki, na hiyo ni jinai. Lakini mahari, talaka, mirathi, mpaka wa shamba na deni la ng'ombe ni mambo ya mtu na mtu. Wanasheria huyaita sheria binafsi, na vijijini tunayajua zaidi kama madai. Ndiyo sheria inayoingia mpaka jikoni. Mtu anaweza kuishi miaka sabini bila kukanyaga mahakama ya jinai, lakini hakuna anayeoa, anayezaa na anayezika bila kuguswa na sheria hii. Hiyo ndiyo Godfrey na Monica waliyokuja kuitafuta bondeni kwetu.

Monica Hunter, kama alivyoitwa kabla ya ndoa, alizaliwa tarehe 3 Januari 1908 huko Lovedale, Cape ya Mashariki, kituo cha misheni kilichojulikana sana kwa shule yake. Wazazi wake walikuwa wamisionari wenye asili ya Scotland. Alikua akisikia Kixhosa kila siku, na tunadhani hilo lilimsaidia kuliko shahada zote alizopata baadaye. Alijua tangu utotoni kwamba Mwafrika ana hoja zake na kwamba zinaeleweka ukijua lugha.

Alikwenda Uingereza kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge, katika chuo cha wanawake cha Girton. Alianza na historia, akahamia anthropolojia, yaani elimu ya jinsi watu wanavyoishi, wanavyooana, wanavyorithiana na wanavyoabudu. Alirudi kwao akafanya utafiti Pondoland, akiingia majumbani na kukaa na wanawake, mahali ambapo watafiti wanaume hawakufika kwa urahisi. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1934, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1936.

Huko Uingereza alikuwa amefahamiana na Godfrey Wilson. Wote wawili walizaliwa 1908. Godfrey alikuwa kijana wa Oxford, mtoto wa John Dover Wilson, msomi aliyejulikana sana kwa kazi zake juu ya Shakespeare. Baba alitumia maisha yake kusoma karatasi za zamani neno kwa neno. Mtoto naye akaja kusikiliza kesi za ng'ombe neno kwa neno. Walifunga ndoa mwaka 1935.

Hapa inabidi tusimame kidogo London, kwa sababu bila London hatutaelewa walichofuata Tukuyu. Miaka ile katika chuo cha London School of Economics kulikuwa na semina ya kila wiki iliyoongozwa na profesa mmoja mzaliwa wa Poland, Bronislaw Malinowski. Watu walikaa, mmoja akasoma alichoandika, wengine wakamhoji bila huruma. Jomo Kenyatta alipita katika semina hiyo, na kazi aliyoifanya chini ya Malinowski ndiyo iliyokuwa kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya Wakikuyu, chenye sura nzima ya umiliki wa ardhi. Z. K. Matthews wa Afrika Kusini, Mwafrika aliyesomea sheria, naye alipita hapo. Godfrey alikuwa mwanafunzi wa Malinowski.

Malinowski alikuwa ameandika kitabu kidogo mwaka 1926 kuhusu sheria, baada ya kuishi kwenye visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea. Wazungu wengi wakati huo waliamini kwamba watu wasio na mahakama, polisi wala vitabu hawana sheria, wana mazoea tu, na wanayafuata kama kondoo. Yeye alisema hapana. Alieleza jinsi wavuvi wa pwani walivyowapa samaki wakulima wa bara, na wakulima wakawapa viazi vikuu, kila upande ukijua kwamba ukikosa kulipa leo, kesho hutapewa. Msikilizaji wa Matema au Itungi hahitaji profesa kumfundisha hilo. Lakini kwa wasomi wa Ulaya lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu lilimaanisha kwamba sheria ya mtu na mtu ipo kila mahali ambapo watu wanadaiana na kulipana. Kazi ya mtafiti ikawa kwenda kuona nani anamdai nani, kwa sababu gani, na asipolipa anafanywa nini.

Godfrey alifika kwetu mwaka 1934, kwa ufadhili uliotokana na fedha za Rockefeller wa Marekani. Monica alimfuata baada ya harusi mwaka uliofuata. Kyela wakati huo haikuwa wilaya. Bonde lote lilihesabiwa chini ya Rungwe, na makao ya serikali yalikuwa Tukuyu. Ipyana tayari kulikuwa na kituo cha Wamoraviani tangu miaka ya 1890, kwa hiyo watu wa huku walishazoea Wazungu wanaofundisha. Wazungu wanaouliza walikuwa wachache.

Wilson hao wawili walijifunza Kinyakyusa na kuweka makazi yao vijijini. Waligawana kazi kwa namna ambayo mtu yeyote wa hapa angeitabiri. Godfrey alishinda zaidi na wanaume, kwenye mabaraza, misibani na kwa machifu. Monica alishinda zaidi na wanawake. Mpaka mwaka 1938 walikuwa wamejaza madaftari mengi sana, kesi baada ya kesi, msiba baada ya msiba.

Hawakuwa peke yao. Karani wao alikuwa Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo, kijana msomi aliyewatafsiria, aliyewaandikia na kuwaeleza mambo ambayo mgeni angeyapita bila kuyaona. Alifariki mwaka 1938, akiwa bado hajafika miaka 30. Kwa miaka mingi vitabu vilisomwa kama kazi ya Wilson peke yao, mpaka watafiti wa siku hizi huko Afrika Kusini walipoandika juu yake na kuonyesha ukubwa wa sehemu yake. Tunamtaja hapa kwa sababu sheria nyingi za Wanyakyusa zilizosomwa London zilipita kwanza katika masikio na kalamu ya Mnyakyusa huyu.

Walikuta nini? Mwaka 1937 Godfrey alichapisha makala ya utangulizi wa sheria ya Wanyakyusa katika jarida liitwalo Africa, London. Mwaka uliofuata akatoa kijitabu juu ya haki za ardhi za mtu mmoja mmoja miongoni mwa Wanyakyusa. Hebu litazame jina hilo la kijitabu. Maofisa wengi wa kikoloni walizoea kusema kwamba Mwafrika hana shamba lake, ardhi yote ni ya kabila, na maneno hayo yaliwafaa waliotaka kuichukua. Godfrey alikwenda kwenye migomba na majaruba ya mpunga na kuonyesha kwamba kila mtu alikuwa na haki yake inayojulikana, yenye mipaka inayojulikana. Lakini haki hiyo ilikuwa imefungwa kwenye jambo moja, nalo ni kukaa. Ulikuwa na shamba kwa sababu ulikuwa mtu wa kijiji kile. Ukihama, uliacha.

Wazee wetu wanakumbuka kwa nini. Mtoto wa kiume wa Kinyakyusa hakubaki kwa baba yake. Akifika umri wa miaka kumi hivi alianza kulala na wenzake wa rika, wakajenga vibanda vyao pembeni, na vibanda hivyo vikakua vikawa kijiji. Wakaoa humo, wakazeeka humo. Baba alikuwa kijiji kimoja, mtoto kijiji kingine. Mara moja katika kila kizazi kulikuwa na sherehe ya ubusoka, wazee wakawakabidhi vijana utawala, amafumu wapya wakachaguliwa, na ardhi ikapangwa upya. Wazee walisogea pembeni kuwapisha. Jamii nyingine nyingi za Afrika Mashariki zina marika, lakini vijiji vizima vya rika namna hiyo ni vitu vilivyowashangaza wasomi wa dunia, na ndiyo sababu Wanyakyusa wanasomwa hadi leo na wanafunzi ambao hawajawahi kuiona Ziwa Nyasa hata kwenye ramani.

Kwa hiyo, wakati ule mtoto wa kiume hakuweza kukaa kijijini kwa rika lake na wakati huohuo kushika shamba la baba kijiji kingine. Kilichorithiwa hasa kilikuwa ng'ombe, nafasi ya marehemu na watu wake. Mrithi wa kwanza hakuwa mtoto. Alikuwa ndugu wa marehemu wa baba mmoja na mama mmoja, na ndugu hao wakiisha, zamu ilirudi kwa mtoto mkubwa.

Hapo shemeji wa kwenye simu zetu anaweza kushangilia na kusema kwamba hata kitabu kimesema. Asiwe na haraka.

Ndugu aliyerithi alisimama mahali pa marehemu kwa kila kitu. Wajane wakawa watu wake wa kuwatunza. Watoto wa marehemu wakawa watoto wake, na wa kiume walipofika umri wa kuoa, ng'ombe wa mahari walitoka kwake. Madeni ya marehemu yakawa yake. Ng'ombe hawakuwa mali ya kuuza na kwenda kunywea. Walikuwa kama kumbukumbu za mikataba zilizo hai: huyu ametoka kwa mahari ya dada yule, huyu atamwolea ndugu huyu. Ndoa ikivunjika, ng'ombe walirudi walikotoka, na hapo kesi zilizuka, kwa sababu ng'ombe yule alikwishamwolea mtu mwingine ndoa ya tatu. Ndiyo maana mahakama zilizowekwa chini ya machifu na Waingereza kuanzia 1926 zilijaa madai ya wanawake na ng'ombe.

Kabla ya mahakama hizo, ugomvi wa madai ulianza kwa majirani. Watu wawili walikwenda kwa rafiki au kwa mzee wa kijiji, akasikiliza, akasema. Hakuwa na askari wa kulazimisha. Kilicholazimisha kilikuwa nguvu mbili. Ya kwanza ni kwamba utaishi na majirani haohao mpaka ufe, na Monica baadaye aliandika kitabu kizima juu ya jambo tunaloliita ukwangala, ile raha ya kukaa pamoja na wenzako, kula na kuzungumza. Anayekimbia deni hukosa ukwangala. Ya pili ni imani kwamba majirani wakikukasirikia kwa haki, manung'uniko yao hukupata kama pumzi ya baridi, ukaugua. Mtu aliyemnyima mjane chakula au aliyekataa kulipa ng'ombe aliamini kwamba homa itamfuata kitandani. Unaweza kuikataa imani hiyo, na makanisa yetu yanaikataa. Lakini kama mtangazaji anayesoma barua za wajane kila wiki, hatuwezi kujizuia kuona kwamba kurithi shamba bila kumlisha mjane kulikuwa, kwa hesabu ya wazee, hatari kwa anayerithi.

Mwaka 1938 Godfrey aliteuliwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya utafiti ya Rhodes-Livingstone, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na familia ikahamia mji wa Livingstone. Kile kijitabu cha ardhi ya Wanyakyusa ndicho kilichokuwa namba moja katika mfululizo wa vijitabu vya taasisi hiyo. Yaani kazi ya kwanza ya taasisi mashuhuri ya Zambia ilihusu watu wa Rungwe na Kyela, jambo ambalo tumeona tulitaje maana mara nyingi huku tunadhani hakuna anayetutazama.

Godfrey alikwenda kuchunguza maisha ya Waafrika waliofanya kazi katika mji wa migodi wa Broken Hill, ambao leo ni Kabwe. Alichoandika juu ya mishahara na makazi yao hakikuwafurahisha wenye migodi. Alifungiwa asiingie kwenye kambi za wafanyakazi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeanza, naye kwa dhamiri yake alikataa kubeba silaha. Mwaka 1941 aliacha ukurugenzi. Baadaye alihudumu katika kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Kusini, lakini ugonjwa wa sonona uliokuwa ukimsumbua ulimzidi, na mwezi Mei 1944 alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 36 au karibu na hapo.

Monica aliachwa na watoto wawili wadogo wa kiume, na masanduku ya madaftari.

Tufikirie hali hiyo kwa lugha ya huku kwetu. Ni mjane. Mume ameacha kazi ambayo wao wawili walikuwa wameilima pamoja, lakini sehemu kubwa ya mavuno ilikuwa bado shambani. Hakuna aliyemzuia kuivuna, na hakuna aliyemsaidia sana. Mwaka 1945 alitoa kitabu walichokiandika pamoja juu ya mabadiliko ya jamii. Akaanza kufundisha katika chuo cha Fort Hare, karibu na alikozaliwa, chuo cha Waafrika. Mwaka 1947 akawa profesa katika chuo cha Rhodes, Grahamstown, na mwaka 1952 akahamia Chuo Kikuu cha Cape Town, ambako alifundisha hadi 1973. Wakati huo profesa mwanamke alikuwa kitu cha nadra.

Madaftari yalimchukua miaka 33. Kitabu cha kwanza, kile cha ukwangala na vijiji vya rika, kilitoka 1951. Cha pili, juu ya taratibu za ukoo kuanzia ndoa na uzazi hadi msiba, kilitoka 1957. Cha tatu, juu ya ibada za jamii nzima, kilitoka 1959. Cha mwisho kilitoka 1977. Katika hivyo kuna kesi na mazungumzo yaliyoandikwa na Godfrey, yaliyoandikwa na Monica na yaliyoandikwa na makarani, na Monica alijitahidi kuonyesha yametoka kwa nani.

Mwaka 1955 alirudi huku kuona. Hakukuta bonde alilolijua. Kahawa ilikuwa imeshika milimani, mpunga umekuwa biashara huku chini, na vijana waliokwenda kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya kusini walirudi na fedha zao wenyewe. Kijana mwenye fedha hakumsubiri baba ampe ng'ombe wa kuolea. Mtu aliyepanda kahawa ya miaka mingi na kujenga nyumba ya matofali hakutaka kusogea pembeni kuwapisha vijana, wala hakutaka shamba lirudi kijijini akifa. Alitaka limwendee mtoto wake. Mtafiti mwingine, P. H. Gulliver, alichunguza jambo hilohilo la ardhi na mabadiliko ya Wanyakyusa, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 1958 na taasisi ya utafiti ya Makerere, Kampala.

Kwa mawazo yetu hapa ndipo penye kiini cha kazi ya Monica. Mara nyingi mtu akitaja mila kwenye baraza huitaja kama jiwe lililokaa palepale tangu enzi za babu wa babu. Madaftari ya Wilson yanaonyesha kitu tofauti. Katika miaka 40 tu, ardhi ilitoka kuwa haki ya anayekaa kijijini ikawa mali ya kuachiana baba na mtoto. Kitabu cha 1977 kilichukua kipindi cha kuanzia 1875 hadi 1971 na kufuatilia jinsi uhusiano wa vijana na wazee, na wa wanaume na wanawake, ulivyobadilika. Kwa hiyo shemeji anaposema mila, ana haki ya kuulizwa ni mila ya mwaka gani. Ile ya 1934 ilimpa ng'ombe na kumtwika watu, na shamba lilikuwa la anayelikalia.

Sifa za Monica nje ya Tanganyika zilikua kwa mihadhara. Mwaka 1959 alitoa mhadhara wa heshima unaoitwa kwa jina la James Frazer, msomi wa zamani aliyeandika juu ya wafalme wanaodhaniwa kuwa na nguvu za kimungu. Frazer alikusanya habari zake akiwa amekaa maktaba. Monica alisimama akaeleza habari za watawala wa kwetu na wa Ngonde, ng'ambo ya mto Songwe, na zile pumzi za watu tulizozitaja. Ukumbi wa wasomi Uingereza ukasikiliza jinsi majirani wa Rungwe wanavyomdhibiti hata malafyale. Mwaka 1969 alirudi Cambridge kutoa mfululizo mwingine wa mihadhara, safari hiyo juu ya dini na mabadiliko ya jamii.

Kwetu nyumbani nako mambo ya sheria za mila yalikuwa yameingia kwenye mikutano mikubwa. Mwezi Septemba 1963 wanasheria, mahakimu na wasomi kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam kwa siku kumi kujadili mahakama za vijijini na sheria za kimila. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi yuleyule ambaye uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka miwili, machifu walikuwa wameondolewa, na swali lilikuwa je, hakimu wa mahakama ya mwanzo atahukumu mahari na mirathi kwa kufuata nini?

Mwaka huohuo serikali ilitangaza mila kwa maandishi, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, na kanuni hizo zikaanza kutumika halmashauri moja baada ya nyingine. Tangazo namba 279 lilihusu mahari, ndoa na watoto. Tangazo namba 436 lilihusu mirathi na wosia. Ukilisoma hilo la mirathi pamoja na Godfrey utashtuka kidogo. Kwenye tangazo, mrithi wa daraja la kwanza ni mtoto mkubwa wa kiume, wanafuata watoto wengine wa kiume, na mabinti wako daraja la tatu. Mjane hana fungu endapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake. Yule ndugu wa baba na mama mmoja, aliyekuwa wa kwanza kwa Wanyakyusa, hayuko tena mbele. Kuandika mila kulikuwa ni kuchagua mila. Tunaheshimu nia ya waliofanya kazi ile, maana hakimu hawezi kuhukumu kwa kubahatisha. Ila kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa haki ya kurithi, na ule wajibu mzito wa mrithi haukushika nafasi ileile.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika kesi iliyotoka Kagera, aliamua kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo anaweza kuliuza kama mwanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Mama anayetupigia simu kuhusu kamba ya shemeji, aanzie hapo: aende baraza la ardhi la kijiji, ambalo kisheria lazima liwe na wanawake miongoni mwa wajumbe wake, na ataje sheria hiyo kwa jina na mwaka. Kuhusu fungu la mjane katika mirathi, yale matangazo ya 1963 bado yapo, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania iyabadilishe, baada ya malalamiko ya wajane wawili.

Monica mwenyewe hakupata maisha ya kitabuni tu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa kazi Archie Mafeje, Mwafrika aliyekuwa mwanafunzi wake na aliyeandika naye kitabu juu ya Langa, mtaa wa Waafrika wa Cape Town. Serikali ya makaburu ikatisha, chuo kikaitengua nafasi hiyo. Wanafunzi walilala ndani ya jengo la utawala wakipinga. Mafeje aliishi nje, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Monica alibaki akifundisha mpaka alipostaafu, kisha akarudi Hogsback, milimani, kwenye nyumba ya familia.

Huko alifanya kazi moja ya mwisho. Z. K. Matthews, yule mwanasheria wa semina ya London, alikuwa amefariki mwaka 1968 na kuacha habari za maisha yake kwenye karatasi. Monica alizipanga, akaziandikia maelezo, na kitabu kikatoka 1981, kikiwa na jina la Matthews kama mwandishi. Kwa mara ya pili alikuwa amemaliza kurasa za mtu aliyetangulia.

Alifariki Hogsback tarehe 26 Oktoba 1982, akiwa na miaka 74. Madaftari ya miaka ya 1934 hadi 1938, yenye Kinyakyusa cha wazee wa Rungwe na Kyela na mwandiko wa karani Mwaisumo, yaliwekwa katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Cape Town.